Bi Hakikisha Apanda Mwamba

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho alichobandika kifuani, lakini hospitali nzima, kuanzia daktari mkuu mpaka walinzi wa getini, walimwita Bi Hakikisha. Jina hilo alilipata kihalali. Kwa miaka ishirini na tisa alikaa nyuma ya dirisha la dawa, akimwaga vidonge kwenye sinia dogo, akivisogeza vitano vitano kwa kijisu butu cha plastiki, kisha akivirudisha na kuvihesabu upya. Mgonjwa mwenye haraka alijua hapo hafui dafu. Bi Hakikisha alimtazama juu ya miwani, akamwuliza jina, akamwuliza tena, kisha akamweleza dawa yake taratibu: kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula, usiruke. Halafu akamtaka arudie yote kwa mdomo wake. Wenzake walimtania kwamba siku malaika wa kutoa roho atakapomjia, atamwomba kwanza aonyeshe cheti.

Nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Akitoka kwenda kazini alifunga mlango, akausukuma, akashuka ngazi za ghorofa mbili, akapanda tena kuusukuma. Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva aliyestaafu, mtu wa maneno ya kuhesabika, na alishazoea kumngoja chini barabarani bila kuuliza kitu. Watoto wao wawili wakubwa walikuwa wameshaoa na kuhamia mbali, na kila simu yao iliyochelewa ilimtia mama yao tumbo joto. Lakini aliyemkosesha raha hasa alikuwa kitinda mimba.

Binti huyo alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa mpimaji wa macho katika duka la miwani mjini, bado akiishi kwa wazazi. Mwaka ule alijiunga na kikundi cha watu waliokuwa wakipanda mlima kila baada ya Jumamosi mbili. Mlima wenyewe ulionekana kutoka dirisha la jikoni: mabega mapana ya kijani, na juu yake mwamba mtupu wa kijivu ambao wapandaji waliuita Pua. Bi Hakikisha alikuwa ameuona tangu utoto wake kama mtu anavyouona ukuta wa jirani. Sasa akawa hawezi kusuuza kikombe bila kuutolea macho.

Jumamosi za safari, binti aliondoka alfajiri na simu yake ilikosa mtandao kufika saa tatu. Kuanzia hapo mama alipiga pasi. Alimaliza mashati, akahamia shuka, akafika kwenye taulo na vitambaa vya kufutia vyombo. Mumewe alipoona soksi zake zimepigwa pasi na kukunjwa kama barua, alitoka kwenda kutembea.

Jumamosi moja binti alirudi saa kumi na moja jioni, mkono umechubuka kuanzia kiwiko mpaka kiganja. Alisimulia akicheka kwamba kule kwenye Pua miguu peke yake haitoshi, lazima utumie na mikono, na kwamba yeye alikuwa ameteleza kidogo tu. Mama alimsafisha kidonda. Wiki ile yote kazini alihesabu vidonge mara nne nne. Siku ya Alhamisi, wakiwa mezani, akasema Jumamosi ijayo ya safari na yeye atakwenda.

Binti alitua kijiko. Alimwambia mama yake kwamba ataumia roho bure.

"Roho inaniuma tayari," Bi Hakikisha alijibu. "Nataka nipajue mahali penyewe. Nikiwa naogopa, nijue ninaogopa nini."

Basi wakaenda. Walikuwa watu wanane, wakiongozwa na mzee mmoja mwembamba aliyewahi kufundisha jiografia, ambaye wote walimwita Mwalimu. Njia ilianza kati ya miti mirefu yenye giza, ikatokea kwenye nyasi, kisha kwenye vichaka vifupi vilivyokwaruza goti. Bi Hakikisha alipanda akihema, mkono mmoja ukipapasa bendeji alizojaza mfukoni. Kila shimo aliliona ni mguu uliovunjika. Mara tatu alimwuliza Mwalimu kama kuna aliyewahi kufia huko, na mara zote tatu Mwalimu alimjibu kwa upole kwamba hajawahi kumpoteza mtu.

Walikuwa wamekubaliana kwamba Bi Hakikisha ataishia kwenye uwanja mdogo wa mawe chini ya Pua. Angekaa hapo na chupa ya chai mpaka wenzake warudi. Alikaa kama dakika kumi. Aliwaona wakiinuka mmoja mmoja, binti yake akiwa wa tatu, koti jekundu juu ya mwamba wa kijivu. Jiwe dogo likachomoka chini ya mguu wa mtu, likagonga mara mbili, likapotea bila mlio. Bi Hakikisha akasimama. Si kwamba alipiga moyo konde. Alisimama kwa sababu kukaa kulimshinda.

Mwalimu, ambaye kwa kawaida alipanda wa mwisho, alikuwa bado chini. Alimwuliza anakwenda wapi.

"Kutazama siwezi," alisema. "Nionyeshe pa kushika."

Mwalimu alimpima kwa macho, kisha akampa sheria kama anavyompa mwanafunzi. Mikono miwili na miguu miwili ni vitu vinne. Vitatu vikae imara, kimoja ndicho kitembee. Na jiwe lolote usilipe uzito wako kabla hujalijaribu. Lisukume, livute, ligonge, likikaa kimya ndipo ulikanyage.

Bi Hakikisha alimtazama kama mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini. Maisha yake yote watu walimwambia aache kujaribujaribu vitu. Mama yake alimwambia, wakwe zake walimwambia, daktari wa presha alimwambia. Huyu alikuwa wa kwanza kumwamuru ajaribu.

Akaanza kupanda. Mwamba ulikuwa wa baridi na wa kukwaruza, wenye madoa ya kuvu kavu kama rangi ya zamani. Alisukuma, akavuta, akagonga, akakanyaga. Moyo ulimdunda mpaka akausikia masikioni. Sehemu moja alibaki amekumbatia jiwe kwa muda mrefu, jasho jembamba likimtiririka, huku Mwalimu nyuma yake akisubiri bila kumharakisha. Kisha akaona kiufa cha upana wa vidole vinne, akaingiza mkono, akakijaribu, kikakubali. Alipotokeza kichwa juu, binti yake, aliyekuwa ameketi akila chungwa, aliliachia likabingirika.

Hapo juu, akiwa amekaa katikati kabisa mbali na kila ukingo, Bi Hakikisha aligundua jambo lililomtisha kuliko kimo chenyewe. Kwa nusu saa nzima hakuwa amemfikiria binti yake. Hakuwa amewafikiria wale wawili wa mbali, wala mlango, wala presha. Kichwani mwake mlikuwa na mkono huu, mguu ule na jiwe lile, basi. Alijiuliza ni mama wa namna gani anayemsahau mtoto wake mahali kama pale. Na chini ya swali hilo, akiona aibu hata kulikiri, alijua kwamba angependa kusahau tena vile.

Mumewe alipomwuliza kulikuwaje, alijibu kwamba ni kubaya. Lakini Jumatatu, nyuma ya dirisha la dawa, ncha za vidole zilimwuma kila aliposhika kijisu, na kila zilipomwuma alijikuta anataka kutabasamu.

Alirudi safari iliyofuata, na iliyofuata tena. Kwa kila aliyemwuliza alisema anakwenda kumlinda mtoto. Alinunua viatu vyenye soli ya kung'ata mwamba akavificha nyuma ya ndoo, kana kwamba ni kitu cha wizi. Akipita nje ya jengo la zamani la hospitali, lililojengwa kwa mawe ya kuchonga, macho yake yalianza yenyewe kutafuta pa kushika. Hofu haikumwacha hata siku moja. Ijumaa alasiri mara nyingi alitamani mvua inyeshe safari iahirishwe. Mvua ikinyesha kweli, alinuna siku nzima.

Miezi kumi na minne ilipita hivyo. Kisha ikaja Jumamosi ya ukungu.

Walipanda kukiwa kweupe. Walipokuwa juu wakinywa chai, wingu lilipanda kutoka upande wa pili kama mvuke wa sufuria, na katika dakika chache mtu aliye umbali wa hatua sita alikuwa kivuli. Manyunyu yakaanza, mwamba ukang'aa. Mwalimu alisema washuke mara moja, yeye akitangulia kuonyesha njia, na Bi Hakikisha awe wa mwisho, kwa kuwa ndiye asiyekimbilia kitu. Binti yake alikuwa mbele yake tu.

Katikati ya mteremko, mguu wa binti uliteleza. Hakuanguka, alishuka kiasi cha urefu wa mkono, akadakwa na ukingo mdogo. Lakini alipotulia, akawa hawezi kusogea. Yeye aliyekuwa akiruka mawe akicheka alibandika shavu kwenye mwamba, akafumba macho, akasema kwa sauti nyembamba kwamba ataanguka. Wengine walikuwa wameshazama kwenye ukungu chini. Mwalimu aliita, sauti ikaja bila mwelekeo.

Jambo aliloliogopa Bi Hakikisha kwa zaidi ya mwaka, aliloliona mara elfu akipiga pasi, lilikuwa limefika, na lilikuwa na koti jekundu. Alitaka kupiga kelele. Badala yake alishika jiwe la kulia kwake, akalijaribu, akashuka pembeni, akalijaribu lingine, mpaka akawa chini kidogo ya miguu ya mwanawe, amekaza vitu vitatu, mkono mmoja uko huru.

"Mwanangu, nisikilize mimi," alisema, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya dirishani, ya taratibu, isiyojali foleni. "Mguu wa kushoto. Ule tu. Ushushe kidogo, nimeushika. Hapo. Usiende kwingine. Sasa nirudishie: mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Uko wapi?"

"Kwenye mkono wako."

"Vizuri. Mkono wa kulia sasa. Huo tu."

Walishuka hivyo, kiungo kimoja kimoja, kila hatua ikisemwa na kurudiwa. Bi Hakikisha hakujua ilichukua muda gani; baadaye Mwalimu alimwambia ni kama saa moja. Walipokanyaga uwanja wa mawe, binti alijitupa kifuani kwake akalia. Yeye hakulia. Alitafuta bendeji, akakuta hakuna kidonda cha kufunga, akaanza kutetemeka mwili mzima mpaka wakamvika makoti mawili.

Jumapili mchana, baada ya chakula, binti alitangaza kwamba kwake imetosha, hatapanda tena. Mama yake alishusha pumzi. Aliungojea ule utulivu alioutamani kwa muda wote ule, na ukaja, na kabla hajamaliza kuondoa sahani ulikuwa umegeuka kitu kizito. Maana kama hakuna mtoto wa kulinda, basi hana sababu ya kwenda. Alisimama jikoni, maji yakimwagika, akiutazama mlima.

Aliwaambia Alhamisi. Alisema Jumamosi ya wiki ijayo kuna safari na yeye atakuwepo. Binti alimtazama kama mtu anayemwona mzazi wake akivuka barabara bila kuangalia.

"Mama, una miaka hamsini na minne. Na ukiteleza?"

"Naweza kuteleza."

"Sasa unafuata nini huko?"

"Napenda," Bi Hakikisha alisema, na uso ukamwaka moto kama msichana.

Binti alimgeukia baba yake amsaidie. Baba alitafuna, akameza, akanywa maji.

"Nimekaa kiti cha abiria miaka thelathini," alisema, "naendeshwa na watu wasiojua breki iko wapi. Mama yako angekuwa mwanafunzi wangu, ningesinzia." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akamwambia mkewe kwamba kusinzia kwenyewe hatasinzia, ila aende.

Akaenda. Hakuwahi kuogopa kama siku ile. Chini ya Pua, bila koti jekundu mbele yake, alifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena. Mwalimu alimwuliza kama anataka kubaki na chai. Alisema anataka sana, akapanda.

Juu kulikuwa na jua na upepo mkali. Alitoa simu, akazunguka nayo mpaka ikapata mtandao. Binti aliipokea kabla haijaita mara ya pili, akataka kujua yuko wapi, amekula nini, mawingu yako upande gani, ameanza kushuka au bado. Bi Hakikisha alimjibu kila kitu. Alisikia kwa mbali, nyuma ya sauti ya mwanawe, mvuke wa pasi ukipumua.

Baada ya kukata simu alikaa kidogo. Safari hii alisogea karibu na ukingo kuliko alivyowahi, si karibu sana, akatazama paa za mji zilivyobanana, akashindwa kuipata ya kwao. Upepo ulikuwa ukizidi. Kushuka alikuogopa kuliko kupanda, na kulikuwa kunamngoja. Mwalimu aliwaita. Akajiinua, akageuza uso kwenye mwamba, akaanza kutafuta pa kuweka mguu.