Kengele ya Mufagio

Kuna siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kila ninapoona nyanya zimeanza kulainika. Kaa kwanza. Hiyo nyundo iweke chini ya kiti. Mnunuzi wako wa Luvungi hatakimbia. Wale wa kununua chuma kwa kilo nawajua, haraka wanakuachia weye.

Umeniambia ziwa lilipopanda liliingia katika nyumba za Kalundu, na kwamba ndani ya nyumba moja iliyozama nusu kuna kitu cha mviringo chenye pembe fupi, kinaelea chini kidogo ya uso wa maji. Hakuna upepo, umesema, lakini kinagonga ukuta: mara mbili, kinanyamaza, mara mbili tena, kama mgeni mwenye adabu. "Bibi, ni tangi tu, nitalivunja niuze chuma," ukacheka. Mimi sikucheka, na unajua napenda kucheka.

Zamani, nilipokuwa na mimba ya mama yako, nilikuwa nikipeleka nyanya za Runingu hadi Baraka kwa meli ndogo ya chuma iliyoitwa Mufagio. Jina lake la serikali lilikuwa limefutika. Mufagio, yaani ufagio, ni jina ambalo watu waliipa, nalo lilitokana na kazi yake. Katika vita vya Wabelgiji na Wadachi, hao Wajerumani, meli ziliogopa kupita mbele ya Kalundu kwa sababu ya mabomu yaliyofungwa kamba chini ya maji. Mufagio ilipita ikiburuta waya mrefu wenye meno. Waya ulikata kamba, bomu likapanda juu, askari wakalipiga risasi wakiwa mbali. Kwa kila bomu walichora mstari mweupe kwenye chumba cha usukani. Vita vilipokwisha ikabeba simenti, kisha mihogo, kisha sisi.

Mistari ile niliihesabu, maana mtu anayengoja meli hana kazi nyingine. Ilikuwa kumi na moja. Nikarudia, kumi na moja. Nahodha wetu aliitwa Mzee Kashindi, na baba yake ndiye aliyekuwa akiushika ule waya wakati wa vita. Aliona kidole changu kinatembea ukutani, akaniambia kwamba mateka mmoja aliyesaidia kuyatega mabomu alisema yalikuwa kumi na mbili. Nikasema labda mateka hakujua kuhesabu. Mzee akajibu kwamba hata yeye angependa iwe hivyo.

Ndiyo maana meli ile ilikuwa na desturi yake. Kila ilipotoka Kalundu, waliuteremsha waya wa zamani nyuma, na kwenye ncha ya juu wakafunga kengele ndogo ya shaba. Mpaka tufike maji ya mbali, hakuna aliyesema neno. Mama waliwapa watoto titi ili wasilie. Hata mimi, niliyekuwa bado nabishana nauli, nilikata neno katikati na kulimalizia mbele ya safari. Wageni walicheka mara ya kwanza tu. Watu wengi kunyamaza pamoja jua likiwa utosini, injini ikienda pole pole, maji yamelala kama sahani: kimya kile kilikuwa kinaingia hadi kwenye meno.

Siku hiyo kengele ililia. Haikulia kwa fujo. Mara mbili, ikanyamaza, mara mbili tena. Mzee akazima injini. Meli ilisimama, kisha ikaanza kurudi nyuma, taratibu, na hapakuwa na wimbi hata moja.

Nyanya zangu zilikuwa zimeiva, na soko la Baraka lilikuwa kesho yake. Nilipomwona mzee anatafuta shoka ili aukate waya turudi bandarini, nilimfuata. Nikamwambia ni samaki mkubwa, au ni jiwe, na kwamba nauli yangu ni ya kwenda, haiko ya kurudi.

Hakupandisha sauti. "Mama, shika hapa," akasema, akanionyesha waya.

Nikashika. Mwanangu, jiwe halitembei. Samaki anavuta, anachoka, anavuta. Kile kitu hakikuchoka. Kiligonga kiganja changu mara mbili, kikangoja, kama kinataka nijibu. Aliyejibu ni mtoto wa tumboni. Alipiga teke mara mbili, akatulia.

"Haiko samaki," nikasema.

"Minye najua. Weye umehesabu nyanya zako mara mbili. Watu walio humu ndani, umewahesabu?"

Nikageuka. Walikuwa wananitazama wote, na sikuwa nimewahesabu hata mara moja.

Waya ulilegea wenyewe kabla shoka halijafika. Mzee akasema kwa sauti ndogo kwamba kimetuachia, sisi hatukukitoroka. Tukarudi kwa njia ile ile tuliyojia. Nyanya zilioza. Nauli nilirudishiwa nusu na sikubishana; waulize walionijua kama jambo hilo limewahi kutokea tena.

Mama yako alipoanza shule, Mufagio ilikatwa vipande pale Kalundu. Mstari wa kumi na mbili haukuchorwa. Kengele niliichukua mimi, ndiyo hiyo juu ya mlango wetu. Hujawahi kuisikia kwa sababu ulimi wake niliutoa siku ile ile niliyoileta. Leo asubuhi, kabla hujaingia na habari zako, ililia mara mbili. Nilipanda kiti nikatazama. Ulimi hauko.

Sasa pokea nasaha yangu, nayo ni ya bure, jambo ambalo kwangu ni nadra. Kabla hujapatana bei ya chuma, uliza kilikuwa kinafanya kazi gani na nani alikuwa anakiogopa. Ukishaona faida yako, tazama nyuma yako uone ni akina nani wamesimama. Kile kitu usikiguse, usikifunge kamba, usikitupie hata jiwe. Ondoa watoto wanaoogelea pale, waonye majirani, kisha mwambie shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, aite watu wa kutegua mabomu. Mnunuzi akikuita mwoga, mwambie aje apige nyundo yeye, ila kwanza aniachie pesa.

Nyundo inabaki hapa. Chukua kengele, uifunge mwanzo wa njia inayoshuka majini, watu waione wasipite. Isipolia, vizuri. Ikilia, usisimame kuuliza.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie, akufungue masikio, akurudishe kabla ugali haujapoa, na vidole vyako vyote mkononi. Nitavihesabu. Kisha nitavihesabu tena.