Nusu ya Mtu Chini ya Kitanda

Watu wakinialika kusema na watoto wa shule, hutaka niwaambie kwamba mvumilivu hula mbivu. Nami nawaambia, maana ndicho nilichoitiwa, na kweli sikuwahi kuwa na mtaji mwingine. Wanapiga makofi. Mimi uso unaniwaka, natafuta glasi ya maji nijifiche nyuma yake. Nyumbani kwetu mwenye akili hakuwa mimi. Alikuwa mdogo wangu, na yeye hakuna anayemwalika popote.

Tulilelewa na bibi, mama yake baba, huko Ayivu, mwendo wa baiskeli kutoka mjini Arua. Nilikuwa mzito wa kichwa, na sisemi hivyo ili nibishiwe. Darasa la saba nilirudia. Kidato cha nne nilirudia. Mdogo wangu alikuwa akipita nyuma yangu na karai la mihogo kichwani, anatupa jicho kwenye hesabu iliyonitoa jasho tangu asubuhi, anataja jibu, anaendelea na safari yake. Wala hakuwa anajivuna, na hilo ndilo lililoniuma. Majirani walisema tumbo la mama yetu marehemu lilichanganya mizigo: akili za mkubwa alipewa mdogo.

Lakini yeye hakuvuka kidato cha pili. Miaka ile mji ulijaa sare za jeshi, na kijana mmoja wa Koboko alikuwa na sare, redio na gari. Mdogo wangu akapata mimba, shule ikamtoa, kijana akaja kumchukua kwa heshima zote na kwa ng'ombe waliomfanya baba mdogo wetu acheke wiki nzima. Mimi nikabaki na vitabu, kwa kuwa hakuna mwanajeshi aliyenitazama mara mbili. Ndivyo daktari alivyopatikana nyumbani kwetu.

Niliingia chuo cha udaktari Kampala mwaka wa sabini na sita, nikaanguka mtihani wa kwanza wa mifupa. Mtihani ulikuwa wa mdomo. Mwalimu anakupa mfupa, unautaja, unasema ni wa kulia au wa kushoto. Mimi alinipa mtulinga, ule mwembamba unaotoka kifuani kwenda begani. Jina nililijua. Akaniambia niushike mahali pake kwenye mwili wangu mwenyewe. Nikaushika.

"Binti, kwa mpango huo mkono wako umeota mgongoni."

Mwenzake akakohoa ili asicheke. Loo, kile kikohozi! Ningepigwa kofi ningeumia kidogo kuliko vile. Nikaambiwa nitarudia mtihani baada ya likizo, mara moja tu, na nikishindwa nifunge virago.

Wenzangu walioanguka walikwenda nyumbani na kitabu. Mimi najijua: neno halikai kichwani mwangu mpaka mkono ulishike. Kwa hiyo nilibeba mifupa yenyewe. Ndiyo, ya mtu. Wanafunzi tulikuwa tukirithishana mifupa, waliotangulia wakiwaachia wanaofuata, na mimi na mwenzangu tulishirikiana mtu mmoja: yeye alichukua fuvu na upande wa kushoto, mimi upande wa kulia. Nikaifunga kwa shuka, nikaitia kwenye sanduku la bati chini ya vitabu, nikapanda basi la Arua. Kila askari aliposimamisha basi nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Walikuwa wanatafuta magendo, na vitabu hawakuvipenda.

Nyumbani nilimkuta mdogo wangu. Alikuwa amekuja kwa bibi kujifungua mtoto wa pili, naye alikwisha kuzaliwa, na tukalala chumba kimoja. Yeye nilimwonyesha. Hakushtuka hata kidogo. Alichukua kitabu changu akawa anasoma huku ananyonyesha, na mfupa mmoja ameuweka pajani kando ya mtoto. Nikamwambia ni siri yetu. Lakini kuku wa bibi walikuwa na tabia ya kutaga chini ya vitanda, na siku moja, kwa haraka ya kwenda kupalilia, nililiacha sanduku wazi.

Bibi aliingiza mkono kutafuta yai, akatoka na mfupa wa mkono wa mtu.

Hakupiga kelele. Alimwita baba mdogo. Huyu alikuwa ametumikia jeshi la wakoloni, na akikasirika lugha ya nyumbani aliiweka kando, akafoka kwa Kiswahili chake cha kambini. Nilimkuta amesimama mlangoni na mfupa mkononi.

"Hii iko nini?"

"Ni mifupa ya kusomea, baba mdogo."

"Ya nyama gani?"

Nikahamishia jembe bega la pili.

"Mimi nauliza, ya nyama gani?"

"Ya mtu."

"Mutu! Wewe naleta mutu ndani ya nyumba ya mama yangu! Mutu ya wapi? Mama yake najua iko hapa?" Akainama, akafunua shuka, akahesabu kwa macho, akanigeukia taratibu. "Nusu ingine iko wapi?"

"Iko kwa mwenzangu. Kwao Mbale."

Jamani! Mdogo wangu alikimbia nyuma ya nyumba kwenda kucheka. Mimi sikuwa na pa kukimbilia. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nimesimama na jembe begani, naeleza kwamba tumemgawana maiti kama watu wanaogawana mbuzi. Na baba mdogo hakuwa mjinga. Kwetu mtu asiyezikwa hatulii, na asipotulia yeye, hawatulii walio naye nyumba moja. Ndani mlikuwa na mtoto mchanga aliyekuwa akikohoa wiki ile. Nani angesema kikohozi kile kimetoka mahali pengine?

Ikaamuliwa azikwe alasiri ileile. Hakuwekwa kati ya makaburi yetu, kwa kuwa hakuwa wetu, alichimbiwa ukingoni mwa shamba la muhogo. Majirani wakaja na majembe, wakaja na wake zao, maana msiba ni msiba. Walipouliza nani amefariki, baba mdogo alijibu, "Mugeni," akaishia hapo.

Shuka likatandazwa kando ya shimo.

"Wewe iko daktari," akaniambia mbele ya watu wote. "Panga mutu vizuri. Asiende kwa Mungu kama muzigo ya kuni."

Nikapiga magoti. Mkono niliuweza kwa kubahatisha. Nikafika kwenye fupa la nyonga, lile pana lenye shimo la duara kama kikombe, nikaligeuza hivi, nikaligeuza vile. Nikalilaza. Kisha nikasikia sauti ya mdogo wangu juu ya kichwa changu, mtoto mgongoni mwake.

"Dada, hicho kikombe kikitazama ndani, paja litaingia wapi?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu, kama ambavyo ningeuliza mimi lau ningekuwa na akili ya kuuliza. Nikaligeuza. Yaliyobaki alinionyesha kwa kidevu, moja baada ya jingine, nami nikayapanga kama mtumishi. Mama mmoja jirani akasema, bila hata kunong'ona, "Kumbe serikali inamsomesha asiyejua, anayejua yuko hapa analea?" Nilitamani lile shimo wangelichimba pana zaidi, nami nipate nafasi.

Usiku ulipita, asubuhi nikamwambia bibi nimeacha. Ningekwenda mjini kuomba kazi ya kufundisha watoto wadogo, huko ambako hesabu haizidi vidole. Nililia, tena kwa kamasi. Nikamwambia yule mama amesema kweli, kiti kile si changu, nimekikalia tu kwa sababu mwenyewe hayupo.

Bibi alikuwa anamenya mihogo. Alikuwa na utani nami tangu utotoni, akiniita mke mwenza, na wala machozi yangu hayakumfanya aache.

"Mke mwenza, kiti si mume, hutanyang'anywa. Mifupa umezika, sawa. Na hii je?" Akaiteremsha kanga mabegani. "Unadhani nimekonda hivi bure? Mungu ameniondolea nyama ili wewe usome."

Niliinamisha uso. Sikuwa nimemwona bibi hivyo tangu nilipoanza kuwa mtu mzima, na kumgusa kwa vidole vya kutafuta, kama mtu anayechagua kuku sokoni, kuliniletea aibu mpya juu ya zile za zamani. Lakini alikwisha kukaa mkekani, ananingoja.

Tukaanza. Mdogo wangu alishika kitabu, bibi alikuwa mwili, mimi nilikuwa mkono. Asubuhi kabla ya shamba, na tena jua likipoa. Mdogo wangu anauliza, mimi natafuta kwa kidole kwenye bega la bibi, kwenye goti, kwenye mbavu ambako alikuwa na mtekenyo, anacheka mpaka anakohoa. Nikikosea ananipiga kofi mkononi: "Mimi nashikwashikwa kama unga, na wewe bado unakosea!" Vifupa vya kifundo cha mkono vilinitesa kuliko vyote. Viko vidogovidogo, safu mbili, kama punje kwenye gunzi. Nilivibonyeza kimojakimoja nikivitaja, na kila siku nilipofika katikati nilikipoteza kimoja. Bibi, ambaye hakukanyaga shule, akaanza kunisahihisha: "Umeruka kimoja. Sijasikia yule wa mbaazi." Yule wa mbaazi ni mfupa ambao kitabu kinasema una umbo la mbaazi, na mdogo wangu alikuwa amemtafsiria. Hivyo nilipitwa hata na bibi.

Siku chache tu, na mdogo wangu hakuhitaji kitabu tena. Alikifunga akawa anauliza kutoka kichwani, anapepeta ulezi, na alikuwa sahihi kila mara. Mara moja tu alikasirika.

"Lakini jana ulikijua!"

"Jana ni jana."

"Huwa kinakwenda wapi?"

Aliuliza kwa dhati, kama unavyomuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Nikamwambia turudie tangu mwanzo, na tukarudia, na kesho yake tukarudia.

Siku nyingine akaniuliza jambo ambalo halikuwa sehemu ya mtihani. Kwa nini mtoto akianguka akajikinga kwa mkono, mara nyingi huvunjika mtulinga na si kiganja? Nikasema sijui, kitabuni sijaliona. Akaweka ungo chini, akajifanya anaanguka, mkono mbele, polepole, akaufuata mkono wake kwa macho kutoka kiganjani hadi kifuani. "Nguvu inapanda," akasema, "inatafuta pembamba." Akaokota ungo wake. Mwaka wa pili mwalimu alipotueleza jambo hilo ubaoni, kwa dakika nyingi na mishale mingi, mimi peke yangu niliinamisha kichwa.

Likizo ikaisha. Mume wa mdogo wangu akaja kumchukua, mimi nikapanda basi. Kwenye mtihani nilikutana na mwalimu yuleyule. Kila mfupa alionipa niliupapasa kwanza, halafu nikapapasa mahali pake kwenye mwili wangu, ndipo nikajibu. Nilikuwa mzito mpaka akatazama saa, na mmoja niliukosa. Nikafaulu kwa alama ambayo ikipungua kidogo tu si alama tena. Kwenye orodha ya ubaoni nilikuwa wa mwisho, na nililitazama jina langu pale chini kwa furaha na fedheha kwa pamoja, sikujua ipi niitangulize.

Nilipopata nafasi ya kurudi sikuanzia kwa bibi. Nilipitiliza, nikapanda lori la Koboko. Mdogo wangu alikuwa anakaa nyumba ya mabati yenye friji sebuleni, ingawa umeme haukuwepo, na ndani ya friji alikuwa amekunja nepi. Mumewe alikuwa kambini. Nilimkuta barazani ananyonyesha. Nikamwambia nimefaulu. Akapiga vigelegele mpaka wanawake wa nyumba ya pili wakatoka kutazama, akanikumbatia kwa mkono mmoja, mtoto akiwa katikati yetu.

Kisha akakaa sawa.

"Walikuuliza nini? Nipe kama walivyokupa."

"Achana nayo, imepita."

"Nipe, dada."

Mfupa wa kumwonyesha sikuwa nao, nikawa naeleza kwa mikono: una kichwa hapa, una mtaro upande huu. Kila mmoja aliutaja kabla sijamaliza, na upande wake, kulia au kushoto. Hakuwa amegusa kitabu tangu tulipoachana. Nikafika kwenye ule nilioukosa. Nikaueleza vibaya, labda kwa makusudi, sijui. Akafikiri, akamtazama mtoto, akajaribu kwenye kiguu cha mtoto kwa vidole viwili, akautaja. Ndivyo mwalimu alivyonisahihisha.

"Hiyo ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

Akamfuta mtoto maziwa mdomoni. Wanawake wa nyumba ya pili walikuwa bado wanatutazama, wanacheka, wananipungia mimi, daktari.

"Kwa hiyo ningefaulu," akasema.

"Ungefaulu," nikamwambia. "Ungekuwa wa kwanza."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu alichopita dukani kukiulizia tu. Akamhamishia mtoto ziwa la pili, akaniuliza kama nimekula.