Ni Nani Aliyetengeneza Chambo Hiki?

Usinikatize katikati ukaniuliza kama siku hiyo nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Sikuwa nimesinzia, wala tumboni sikuwa na kitu ila maandazi na chai ya rangi. Mimi ni fundi wa cherehani, nakaa Kitale karibu na msikiti, na mtu anayetunga uzi kwenye sindano kutwa nzima hawezi kuambiwa kwamba haoni. Haya niliyaona Bungoma, mchana, mvua ikinyesha, mbele ya wazee wengi ambao mpaka leo ukiwauliza wanakumbuka ghafla kwamba wana ng'ombe wa kukamua. Shauri yao. Mimi nitasema.

Baba yangu, Mzee Swaleh, alikuwa fundi wa yale majiko ya zamani ya shaba, ya kupampu. Jiko likifa kabisa hakulitupa. Alilikata, akalifua na kulipiga tupa mpaka akapata kipande chembamba mfano wa kijiko kisicho na mpini, akakichora jicho, akakitia ndoano nyuma na unyoya mwekundu. Hicho ndicho chambo. Kikivutwa majini kinapinduka na kumeremeta, na samaki mkubwa hudhani ni samaki mdogo aliyeumia. Wavuvi wa fimbo wa enzi hizo, wa mabwawa ya huku kwetu na wa mito ya mlimani, walivigombania vijiko hivyo kama watoto na sukari.

Ndoano alizipinda mwenyewe, na alizifanya kali kupita kiasi. Alijisifu kwamba samaki akishaumwa na chambo chake, hata akikata mshipi akaenda zake, ataishi nacho mdomoni mpaka afe. Tulikuwa tunacheka, niamini. Nani anamwonea samaki huruma?

Lakini baba hakuwa mtu wa kuzunguka. Aliyevipeleka kwa wavuvi na kuviuza alikuwa rafiki yake, Wafula wa Bungoma. Kwa hiyo wanunuzi waliijua sura ya Wafula tu. Miaka ikapita, baba akazeeka, macho yakaingia ukungu na mikono ikaanza kutetemeka. Akabaki na sanduku moja la bati lenye vijiko vyake vya mwisho, akawa anavipapasa jioni kama mtu anayesalimia wajukuu. Mwaka jana Wafula akaja nyumbani, akanywa chai yetu, akaliomba sanduku hilo awaonyeshe wavuvi wenzake. Alisema atalirudisha baada ya wiki moja.

Hakulirudisha. Siku moja jirani akatuonyesha picha kwenye simu. Wafula amekaa katika hoteli yake, vijiko vya baba vimetundikwa ukutani nyuma yake, na chini pameandikwa kwamba huyo ndiye fundi mkongwe aliyevitengeneza kwa mikono yake. Jirani alisoma kwa sauti, baba akasikia kila neno. Usiku huo hakula.

"Nenda, binti yangu," akaniambia asubuhi. "Pesa yake siitaki. Nataka aseme mbele ya watu ni nani aliyetengeneza."

Unadhani nililala na hasira kidogo? Nilikuwa nimefura. Jumamosi ambayo wavuvi wazee walikuwa wanakutana kwa Wafula kumpa zawadi yake ya ufundi, nilivaa buibui langu zuri nikaenda Bungoma.

Hoteli ilijaa. Wazee walikuwa wanapitisha vijiko mkono kwa mkono, kila mmoja na hadithi yake. Mmoja wa Saboti alikishika kimoja akasema ndicho alichovulia samaki wa trauti mlimani, urefu huu, na kila aliposimulia upya mikono ilizidi kuachana. Mwingine wa Malakisi alikibusu kabisa kijiko, machozi yakamlenga. Nakwambia nilisikia uchungu. Sifa hizo zote zilikuwa za mzee aliyekaa Kitale gizani, na aliyekuwa anazipokea ni mtu ambaye hata msumari haupigi ukanyooka.

Kona ya karibu na jikoni alikaa mgeni mmoja peke yake. Alivaa koti refu na kitambaa amekizungushia mdomoni, kama mtu anayeumwa jino. Hakuagiza chakula. Alikuwa anakunywa maji tu, glasi juu ya glasi, anaipitisha chini ya kitambaa. Msichana wa hoteli alikuwa amechoka kumjazia. Nilipopita karibu naye nilisikia harufu ya tope.

Nikamwendea Wafula pale pale mbele.

"Mzee Wafula, shikamoo. Nimetumwa na baba. Sema hapa ni nani aliyetengeneza hivi vijiko, halafu nipe sanduku niende."

Akacheka, akanishika bega. "Aah, mama, karibu! Hii ni mtoto ya rafiki yangu. Mpatieni chai, bana."

Kabla sijamtoa mkono begani, yule mgeni alikuwa ameshasimama katikati yetu. Sikumsikia akija. Alitoa kijiko kimoja ukutani, akakiweka kiganjani. Ngozi ya mkono wake ilikuwa nyeusi ya kijivu, inateleza kwa mng'aro.

"Wazee, samahani," alisema, na sauti ikatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa la maji. "Chambo hiki ni nani aliyekitengeneza?"

"Ni mimi," akasema Wafula.

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Kiangalie hapo kilipochorwa jicho. Jicho limekwenda upande. Baba yangu alikatika kidole akiwa kijana, ndiyo maana macho yote anayochora yanakwenda upande. Huyu vidole vyake si vyote vipo?"

 Mzee mmoja akakigeuza kijiko chake kutazama. Wafula aliona heshima yake inamponyoka, akainuka na tumbo lake lote.

"Sikizeni, wazee! Babake huyu mama alikuwa fundi ya stovu tu, huko Kitale. Alikuwa ananifagilia hii hoteli. Mimi ndio nilitengeneza hizi vitu zote, na hii mikono. Naapa kwa kaburi ya mama yangu!"

"Zote?" akauliza mgeni.

"Zote! Si nimeapa?"

Wakampigia makofi. Ndiyo, walimpigia. Naye akawageukia na mkono juu, akawa anatabasamu. Mgeni hakupiga makofi. Alinigeukia mimi.

"Na wewe unasema baba yako. Anaitwa nani?"

Nikafungua kinywa nimtaje. Papo hapo akakishusha kile kitambaa.

Sijui nikuelezeje. Midomo ile ilikuwa imechanika na kupona, imechanika na kupona, pande zote, mpaka ilikuwa kama pindo la nguo iliyofumuliwa. Na kwenye pembe ya mdomo, kimepenya nyama, kilining'inia kimoja cha vijiko vile. Kilikuwa kimeota kutu ya kijani, unyoya umekwisha zamani, lakini jicho lilikuwepo. Jicho lilikuwa limekwenda upande.

Sikulitaja jina la baba. Nilitikisa kichwa. Ndilo jambo pekee nililoweza.

Mgeni akamgeukia Wafula. "Basi wewe umekiri," akasema, taratibu kabisa, bila hasira. Akakichomoa kile kijiko cha mdomoni kwake. Haikutoka damu, yalitoka maji. Akamshika Wafula shavu kama mtu anayetaka kumnong'oneza, kisha akamwachia, akatoka mlangoni, akaingia kwenye mvua. Aliyekimbia kumtazama alisema barabara ilikuwa tupu.

Wafula alikuwa amesimama, bado anatabasamu, na kile kijiko cha kijani kinaning'inia kwenye mdomo wake. Ndipo akaanza kupiga mayowe.

Walijaribu kwa koleo. Kila walipovuta, ndoano ilizidi kuingia. Mimi nilivitoa vijiko ukutani kimoja kimoja, nikavitia sandukuni, na hakuna aliyenizuia. Nilimhurumia? Hapana. Nirudie? Hapana! Nilirudi Kitale nimeridhika kama mtu aliyeshiba pilau ya harusi.

Hospitali walikitoa chuma, lakini mvuto haukutoka. Mvua ikinyesha mlimani na mto Nzoia ukijaa, mdomo wa Wafula huanza kwenda upande, wenyewe, kichwa kinafuata, halafu miguu. Anatembea kuelekea mtoni huku analia. Mke wake na wanawe humfunga kwenye nguzo ya nyumba kwa kamba ya ng'ombe mpaka maji yapungue. Na akiwa amefungwa hapo hupiga kelele kuelekea mtoni, "Si mimi! Ni Swaleh! Swaleh wa Kitale!"

Umesikia hilo? Sasa anasema. Kile tulichomwomba aseme mbele ya watu, sasa anakipigia kelele usiku na mchana. Mdomo umechanika na maneno yanatoka yamevunjika, watu hawaelewi, nami kila nikiamka naomba waendelee kutoelewa. Kwa sababu sijui yule mgeni anasikia mpaka wapi.

Mwezi uliopita wale wavuvi wazee walikuja nyumbani kwetu. Walikuwa wamefikiria lile jicho, roho zikawasuta. Wakakaa sebuleni, wakamuuliza baba kwa heshima kubwa kama kweli ni yeye. Baba alijinyoosha kwenye kiti. Uso ulimng'aa. Siku hiyo aliingojea maisha yake yote. Na nje, kwenye baraza, kulikuwa na mtu nisiyemjua aliyekuja kujikinga mvua, ametupa mgongo.

"Wazee, msameheni," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Baba hajawahi kushika shaba. Uzee tu, anaota."

Baba aligeuza uso ukutani. Hajanisemesha tangu siku hiyo, na siwezi kumweleza, maana nikimweleza ataudai ufundi wake kwa sauti. Namjua.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayenisikiliza. Mtu aliyefunika mdomo akija kukuuliza kazi fulani ni ya nani, usijitwalie isiyo yako. Na kama ni ya baba yako, mkane.