Hoja Ikinyooka, Pumzi Hupata Nguvu

Enzi zetu za Karama, mtaa wa wageni katika nchi ya Waarabu, sisi tuliokulia kwenye vyumba vya kupanga miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, mtoto hakumkodolea mkubwa macho. Tulicheza mpira kwenye maegesho mpaka mlinzi atufukuze, ngazi nzima ya jengo ikinukia bizari, lakini ukiitwa na mkubwa unakunja mikono, unatazama chini, unanyamaza. Mama yangu, mtu wa Tanga aliyeuza nguo dukani Al Mankhool, mtaa wa jirani, alikuwa akituambia, "Mkubwa akisema, wewe funga mdomo. Ndiyo malezi."

Malezi hayo yaliniponza darasa la sita. Mwalimu wa hesabu alidai nimeangalizia mtihani kwa mwenzangu, eti mtoto kama mimi hawezi kupata zote. Nikatazama chini. "Mnaona? Hata kunitazama hawezi," akaliambia darasa, akalifuta jina langu kwenye timu ya mashindano ya hesabu. Timu ile niliihangaikia mwaka mzima. Nilirudi nyumbani na hasira yangu.

Jioni nikamsimulia Bi Lin, Mchina aliyeuza mabegi chini ya jengo letu. Akakasirika kuliko mimi. Akachana kipande cha boksi, akachora herufi nne za Kichina, kila moja neno zima: hoja, nyoofu, pumzi, nguvu. Kwa Kiingereza chake cha kukatakata akanieleza kwamba hoja yako ikinyooka, pumzi yako hupata nguvu, unasema bila kutetemeka. Watu wa kale wa kwao waliamini pumzi ndiyo uhai na ujasiri wa mtu, na usemi huo umo kwenye hadithi zao za karne nyingi. "Si kupiga kelele," akasema. "Kwanza hoja iwe sawa. Sauti itakuja yenyewe, khalas, basi."

Kesho yake Mama aliomba ruhusa kazini, tukaingia kwa mwalimu mkuu. Hata hajaulizwa kitu, Mama akainamisha kichwa. "Samahani, madam. Atajirekebisha."

Nijirekebishe nini? Nikainua uso. "Mama, sikuangalizia. Madam, nipe hesabu nyingine nizifanye hapa hapa." Nikapewa tano, nikazipata zote, jina likarudishwa. Mwalimu wa hesabu hakuniomba radhi hata siku moja, mpaka tukahama.

Leo nawasikiliza wadogo zangu wakizihutubia simu zao. Wanajiamini kweli kweli, ila ukiwauliza maneno hayo wameyatoa wapi, wanakujibu, "Niliona tu." Pumzi tele, hoja hamna. Sisi hoja tulikuwa nazo, tukazimeza. Adabu ile naitamani, na papo hapo inaniudhi.

Maana siku ile tukitoka shuleni, kwenye kituo cha treni ya metro, nilimuuliza Mama kwa nini aliomba msamaha kabla hajajua kosa. "Nimezoea, mwanangu," akanijibu. "Dukani, kwa wateja na kwa bosi, kila siku naanza hivyo." Alisema kawaida tu, huku akiitafuta kadi yake mkobani. Mwalimu yule hata sura nimeisahau. Waliomzoesha mama yangu kuomba radhi, hao sijawasamehe.