Nguo Zisirudi

Maji yamechemka na mvuke umejaa chumba, lakini dobi hajayamimina. Amesimama na ndoo mkononi akitazama mashati meupe ndani ya karai.

"Shoga, ya moto au ya baridi?" anamuuliza mpiga pasi.

"Mie usinitie matatani," anajibiwa.

Mwanamke huyu amefua nguo za watu miaka tisa katika duka hili dogo la udobi, na leo ndoo ya maji inamshinda. Inauma kumtazama. Mteja mmoja tu akileta tena nguo yake kabla mwezi haujaisha, dobi hana kazi. Mumewe aliumia mgongo na hafanyi kazi tena. Chumba wanachopanga kinategemea mikono hii.

Zamani duka lilikuwa la mama mmoja asiyemung'unya maneno.

"Mama alikuwa na mdomo, Mungu amponye," dobi anasema akicheka kidogo. "Lakini alikwambia anachotaka. Kola isibaki na mstari. Blanketi likauke leo leo. Ukimaliza unajua umepata au umekosa."

Mama akapooza, akapoteza usemi. Mwanawe ndiye aliyeshika duka.

Bosi huyu mpya ni mpole, hajui hata kugomba. Asubuhi moja aliwaita wafanyakazi wake wawili akawaambia kwamba kuanzia siku hiyo kila mtu atakuwa na lengo lake na atapimwa kwalo. La dobi lilikuwa maneno mawili: nguo zisirudi.

"Nikasema sawa, bosi. Kwani nguo kurudi nakujua leo?"

Kwa dobi, nguo kurudi ni kunywea: sweta la baba linaingia kwenye maji ya moto, linatoka la mtoto. Basi akazima jiko. Akafua kila kitu kwa maji baridi, hata mashuka ya nyumba ya wageni, hata aproni za wauza nyama, akasugua mpaka vidole vikachubuka. Hakuna nguo iliyonywea. Nyumbani akamwambia mumewe huenda ataongezwa mshahara.

Kumbe bosi alimaanisha wateja wasizirudishe kwa malalamiko. Nao walizirudisha mafungu kwa mafungu, madoa yakiwa palepale. Nyumba ya wageni ikahamishia mashuka yake kwingine.

"Nilidhani ananikomoa," bosi anasema. "Mtu wa miaka tisa, nimfafanulie nini tena?"

Je, aliwahi kumuuliza ameelewaje? Bosi anazitazama hanga tupu ukutani.

"Hapana," anasema. "Aliitikia, nikajua tumeelewana."

Dobi alipojieleza, mpiga pasi alicheka mpaka akakaa chini. Bosi hakucheka. Alimpa mwezi mmoja wa mwisho, na lengo jipya: ajitahidi zaidi.

"Zaidi ya nini?" dobi anauliza. "Nilimuuliza basi, nitumie maji ya moto au ya baridi? Akasema, 'Wewe ndiye fundi, amua.' Shati likinywea kwa ya moto, nimekwisha. Ya baridi yakiacha doa, nimekwisha. Si bora angenitukana kama mama yake, nikajua moja?"

Mikono iliyokuwa ikifanya kazi bila kuuliza sasa inaogopa. Usiku halali vizuri, anasema, na mumewe ameacha kumuuliza habari za kazini.

Hata hivyo ana mpango. Jumapili atafua shati jeupe la mumewe, alipige pasi, alipeleke kwa mama yake bosi, kitandani, na kumfunulia kola mbele ya macho.

Tukizungumza hivi, maji yamegeuka vuguvugu. Dobi anayamimina hivyo hivyo juu ya mashati ya watu.

"Kusema hawezi," anasema akianza kusugua, "lakini kununa bado anaweza. Akininunia, angalau nitajua nimekosea wapi."