Chupa Aliyoigusa Hitimana

Simu iliita katikati ya wimbo. Mama Athanasie alikuwa ameinua mkono kuwatuliza kina mama wa sauti ya kwanza, ambao kila Jumatano walikimbia mbele ya wenzao kama mbuzi walioona mahindi, na mkoba wake ukaanza kunguruma juu ya benchi la kanisa pale Ndosho, mjini Goma. Aliuacha. Ukanguruma tena. Mara ya tatu akaufungua, akaona jina la Kasoki, mwenye nganda, kilabu cha pombe, kule Kibumba, na moyo ukajua kabla ya sikio. Mwenye kuuza pombe hampigii simu kiongozi wa kwaya ya Wabatisti kwa habari ya kawaida.

"Mama Uwamariya," Kasoki akamwita kwa jina la binti yake, "uko umekaa?"

"Sema tu, Kasoki."

"Papa Uwamariya ametuacha, Mama. Hapa hapa kwangu. Alimaliza kupakia viazi, akakaa kwenye kiti chake, akaomba bia, Primus moja. Nikamuletea, akaigusa, akasema, 'Hii ndiyo.' Mimi nikageuka kutafuta kifungulio. Kurudisha macho, ameegemea ukuta kama mutu anasikiliza muziki. Kumbe amekwenda."

Athanasie akauliza swali ambalo baadaye lilimtia haya kila alipolikumbuka, kwa kuwa kina mama wote wa kwaya walikuwa wamemzunguka wakisikiliza.

"Na ile chupa? Aliinywa?"

"Hapana, Mama. Iko imefungwa. Nimeiweka. Chupa mutu ameishaigusa, nitamupa nani mwingine?"

Ndivyo ilivyo katika nganda za huko. Chupa haifunguliwi jikoni. Unaletewa ikiwa na kizibo chake, unaigusa uone kama ina baridi unayoitaka, unakubali, ndipo inapofunguliwa mbele ya macho yako. Ukishasema "hii ndiyo," ni yako.

Athanasie alikaa sakafuni akalia, na kina mama wakalia pamoja naye. Na katikati ya kilio hicho akaikumbuka ahadi. Miaka michache nyuma, katika nganda hiyo hiyo ya Kasoki, alimwambia mumewe Hitimana ndiyo: kwamba siku ya kumpeleka kwao Kibumba kumzika, msafara utasimama pale, na yeye Athanasie kwa mdomo wake ataiombea chupa ya mwisho. Aliitamka ndiyo hiyo huku akicheka hadi machozi. Lakini aliitamka, watu wakisikia, na yeye si mwanamke wa kusema ndiyo kisha akajifanya amesahau.

Pasta Lévi alipokuja kwenye matanga kesho yake asubuhi, Athanasie alimwambia habari ya ahadi hiyo.

"Mama Athanasie," pasta akasema kwa upole, "msafara wa kanisa hausimami kwenye nganda. Na wewe ndiye kiongozi wa kina mama. Watu watasema nini?"

"Watasema nimesimama, Pasta."

"Fikiri kwanza."

Akafikiri. Lakini kila alipojaribu kufikiri, kicheko kilimpanda kifuani kikagongana na kilio, kwa sababu aliiona tena siku ya maratoni.

Mwaka ule barabara zilikuwa zimetulia, na vijana wa mji wakatengeneza mbio ndefu: kuanzia Mugunga, kupita Ndosho na katikati ya mji, kisha kupanda barabara ya Rutshuru mpaka soko la Kibumba. Binti yao Uwamariya aliandikisha jina. Hitimana akafurahi kuliko binti. Alikuwa dereva wa pickup ya kubeba viazi na kabichi, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti ya besi iliyotikisa vioo vya gari, na barabara hiyo aliijua kwa nganda zake.

"Mutoto wangu, kimbia bila hofu," alimwambia. "Utanikuta Ndosho, utanikuta Kibati, utanikuta Kibumba. Kila mahali nitakuwa nimekutangulia."

"Ukiwa macho, Papa?"

Hapo ndipo Athanasie alipoamua kwenda naye. Siku ya sherehe ya diploma ya Uwamariya, Hitimana alifika wakati watu wanarudisha viti vya kukodi. Athanasie hakutaka binti apande mlima wa Kibumba akitafuta uso wa baba yake na kukuta kiti kitupu. Hakuwa ameingia nganda tangu azaliwe. Akavaa kitenge cha kina mama wa kanisa, akafunga kilemba, akapanda pikipiki ya Niyibizi, rafiki wa mumewe, yeye nyuma, Hitimana katikati, Niyibizi mbele akiwa amebanwa hadi kwenye usukani.

"Muzee, hili tumbo litanitupa!" Niyibizi akalalamika.

"Endesha. Ni mzigo wa kawaida, gunia moja la viazi."

Njiani Hitimana aliwapa elimu. Bia, alisema, inafuata baridi, na baridi inafuata mlima. Ndosho utapata Primus ya uvuguvugu kama chai ya mgonjwa, kwa kuwa frigo ipo ila umeme haupo. Kibati ni afadhali. Lakini Kibumba, kwa Kasoki, chupa zinalala nje ndani ya beseni la maji, zinapigwa na ubaridi wa mlima mpaka asubuhi, na hakuna frigo duniani ya kushindana na hiyo. Kwa hiyo mbio zinapopanda, bia inapanda.

"Mungu mwenyewe alipanga hii njia," akamalizia.

"Usimtie Mungu katika beseni la Kasoki," Athanasie akajibu kutoka nyuma.

Nganda ya Ndosho ilikuwa viti vya plastiki juu ya mawe meusi ya volkano na redio inayopiga kelele. Wakakaa kando ya barabara. Hitimana akaomba Primus, Athanasie akaomba Fanta. Mhudumu akarudi mbio na chupa mbili, na kwa haraka akatia moja katika mkono wa Athanasie aiguse.

Sasa, Athanasie ana desturi. Kitu chochote cha kuingia mdomoni kikifika mkononi mwake, anafumba macho na kukiombea, na anaomba kwa sauti ya kiongozi wa kwaya. Akafumba macho. "Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa kinywaji hiki! Kibariki! Kitupe nguvu, kitupe furaha, kisitudhuru! Na wote wanaokunywa hapa leo, wakumbuke, Bwana, katika kiu yao!"

Redio ikazimwa. Akasikia viti vinaburutwa. Akadhani mbio zimefika, akaharakisha, "Katika jina la Yesu," na nganda nzima ikajibu kwa kishindo, "AMINA!"

Akafumbua macho. Wanaume wote walikuwa wamesimama, kofia kifuani, chupa zimeinuliwa. Akatazama mkono wake. Alikuwa ameshika Primus.

"Yesu wee!" akapiga kelele.

"Amina!" wakajibu tena.

Hitimana alikuwa ameinama juu ya meza, mabega yanatetemeka kwa kicheko. Mzee mmoja mwenye koti la mvua akaja akampa Athanasie mkono. "Mama, nimekunywa miaka yote hii na hakuna hata siku moja mutu ameniombea. Aksanti."

Na kabla hajajibu, wakimbiaji wakatokea, weupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu. Nganda yote ikamiminika barabarani. "Uwamariya! Uwamariya!" Hitimana akanguruma, nao wakaimba jina hilo pamoja naye ingawa hawakumjua. Binti akageuza kichwa. Akamwona mama yake, kilemba cha kanisa, mkono juu, akipunga chupa ya bia.

"Mama?!"

"Si yangu! Kimbia!"

Uwamariya alikimbia kipande kizima akiwa amejishika ubavu kwa kucheka.

Walipofika Kibati, habari ilikuwa imewatangulia. Wenye pikipiki wa Goma wanabeba habari haraka kuliko abiria. Meza ilikuwa imepangwa chupa kama askari kwenye gwaride, na kijana mwenye nganda amesimama kando yake na taulo mkononi.

"Mama, karibu. Hizi za kwetu hazijaombewa bado."

"Mimi siombei pombe!"

"Ndosho uliombea."

"Nilikosea!"

"Basi kosea na hapa, Mama. Sisi Kibati tumefanya nini?"

Hitimana akapiga paja. Athanasie akawatazama, wanaume na wanawake wazima wakimsubiri kama watoto wa katekisimu, na kitu kikavunjika ndani yake, kile kigumu alichokuja nacho kutoka nyumbani. Akainuka. Akasema hataombea chupa, ataombea wakimbiaji, na yeyote anayetaka amina yake aende barabarani amshangilie kila mmoja, mpaka wa mwisho kabisa anayechechemea. Na kama watashangilia, washangilie vizuri. Akawagawa: besi huku, tenori kule, kina mama mbele. Akainua mkono.

Wakimbiaji waliopita Kibati siku ile hawatasahau. Kwaya ya walevi iliwaimbia kwa sauti tatu, besi ikiongozwa na mtu mnene aliyefumba macho, mbele yao mama wa kanisa akipunga mikono na kuwakemea, "Tenori, msikimbie! Wanaokimbia ni wale!" Bia zilibaki mezani zikipoteza povu. Uwamariya alipopita, miguu imeanza kuwa mizito, alipeleka mkono kwa baba yake, wakagusana vidole.

Kibumba kulikuwa na ukungu. Kasoki, mwanamke mrefu mwenye sweta la kiume, aliwaketisha ukutani, akatoa chupa kwenye beseni. Hitimana akaigusa, akafumba macho kama anaisikiliza. "Hii ndiyo," akasema. "Kasoki, usifungue kwanza. Mutoto hajafika."

Wakangoja. Wakimbiaji wakapita, mmoja mmoja, nyuso zimekunjamana. Uwamariya hakuonekana. Hitimana akasimama. Akakaa. Akasimama tena. Kisha, chupa ikiwa bado mkononi na kizibo chake, akateremka ndani ya ukungu.

"Papa Uwamariya, unaenda wapi?"

"Nilimwambia atanikuta. Kama hafiki, nitamukuta mimi."

Athanasie alikaa peke yake katika nganda, akiomba kimyakimya. Halafu akasikia vicheko chini barabarani. Kutoka kwenye ukungu wakatokea wawili: Uwamariya akichechemea, na kando yake Hitimana na viatu vyake vya Jumapili, tumbo likiruka, Primus imeinuliwa mbele kama mwenge, akipiga kelele kwa pumzi iliyokatika, "Nifuate, mutoto! Iko baridi! Nifuate!" Kasoki alilazimika kujishika kwenye mlango kwa kucheka. Wakapita hivyo mpaka sokoni, nyuma ya karibu kila mtu, na watu wa soko wakawapigia makofi kuliko mshindi.

Ndipo waliporudi kukaa. Chupa ikafunguliwa, ikarusha povu mpaka dari kwa kutikiswa njia nzima. Hitimana akanywa kilichobaki, akashusha pumzi, akamtazama mkewe.

"Mama Uwamariya. Siku nitakapokwenda kabisa, watanileta kwetu huku. Munisimamishe hapa. Na wewe uniombee chupa ya mwisho, kwa ile sauti ya Ndosho."

"Mbele ya pasta?"

"Hasa mbele ya pasta."

Na Athanasie, kilemba kimelegea, Fanta mkononi, machozi ya kicheko mashavuni, akasema, "Ndiyo."

Siku ya mazishi, baada ya mwili kuletwa mjini kuagwa, gari la maiti lilitoka Ndosho asubuhi. Nyuma yake lilikuja basi la kanisa, pickup ya viazi, na Niyibizi na wenzake kwa pikipiki, wakipiga honi. Uwamariya alivaa viatu vya mbio chini ya kitenge cha msiba. Walipopita Kibati, watu wa nganda walisimama barabarani na kofia mkononi. Mwanzo wa mlima wa mwisho Uwamariya alimwomba dereva asimame. Akashuka, akakunja kitenge, akakimbia mbele ya gari polepole, akimtangulia baba yake.

Mbele ya nganda ya Kasoki Athanasie alisema, "Hapa." Dereva akamtazama Pasta Lévi kwenye kioo. Pasta akatazama Biblia yake.

"Mama," akasema mwishowe, "iwe fupi."

Kasoki alikuwa mlangoni, na sweta lile lile. Alileta ile chupa aliyoigusa Hitimana, imeviringishwa kitambaa, akaitia mikononi mwa Athanasie aiguse. Ilikuwa baridi hasa. Wanywaji walisimama. Athanasie akafumba macho, na sauti ikatoka kama ile ya Ndosho.

"Baba, tunakushukuru kwa Hitimana. Alipenda nyimbo zako akiimba besi. Alipenda mtoto wake akamfuata ndani ya ukungu. Alipenda na hii, wewe unajua. Umemchukua na kiu yake. Usimwache nayo."

"Amina!" nganda ikajibu. Na kutoka ndani ya gari, kwa kuchelewa kidogo lakini kwa nguvu, ikasikika amina ya Pasta Lévi. Mtu mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, na Athanasie akacheka nao hadi kilemba kikalegea.

Kasoki akaifungua. Athanasie hakuinywa. Alimpa Niyibizi, naye akaipitisha kwa wanaume watakaobeba sanduku, kila mmoja funda moja.

Kaburi lilikuwa limechimbwa nyuma ya shamba la viazi, kando ya wazazi wake. Pasta Lévi alisoma, akaomba. Wanaume walishusha sanduku kwa kamba. Athanasie alitupa udongo wa kwanza, kisha Uwamariya. Kwaya iliimba; sauti ya kwanza ilikimbia mbele ya wenzake, na hakuna aliyeinua mkono kuizuia. Walipomaliza kufukia walisimika msalaba wa mbao na kuweka maua. Mvua ikaanza kunyesha kidogo. Wakateremka hadi kwenye magari, wakarudi Goma.