Fundi wa Matairi ya Deraya na Mchanga wa Mlangoni Kwake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamke mfupi aliyevaa ovaroli ya bluu analizunguka gari la deraya lenye magurudumu manane. Mkononi ana nyundo ndogo. Anagonga tairi la kwanza, anasikiliza, anasogea la pili. Kwenye la tano anasimama, anagonga tena, kisha anapiga magoti na kuchomeka geji ya upepo.

"Limepungua pauni nane," anamwambia dereva. "Umeligongesha wapi?"

"Labda kwenye reli, mama."

"Ukisema labda, mimi naandika ndiyo."

Askari wanamwita Mama Upepo. Ana miaka hamsini na minane, ni fundi raia, na kwa miaka thelathini na mmoja ameyatunza matairi ya kikosi hiki. Tairi moja na rimu yake huzidi kilo mia moja. Ndani lina pete ngumu inayolibeba gari kwa kilomita kadhaa hata likitobolewa kwa risasi. Mgongo wake unazijua kilo hizo moja moja.

Banda la pili ni la vifaru. Huko ndiko alikofanya kazi mumewe, fundi wa minyororo, hadi alipostaafu. Walijuana wakibishana, na hawajamaliza.

"Mnyororo unakula lami, unakunywa mafuta kama ng'ombe mwenye kiu, na safari ikiwa ndefu lazima ubebwe juu ya trela," anasema Mama Upepo. "Tena ukikatika, gari limesimama. Mimi nina matairi manane. Moja likipasuka, saba yanaendelea na safari."

Mumewe, akiwa sebuleni kwao, ana jibu lake. "Mwulize siku ya tope ni nani huja kuwavuta."

Hilo mkewe halikani. Kwenye tope zito na mahandaki, anasema, mnyororo hauna mpinzani.

Kiharusi kilimpiga mume miezi minane iliyopita, kikaulegeza upande wote wa kushoto. Theluthi moja ya mshahara wa mkewe huenda kwenye dawa na mazoezi ya viungo. Binti yao mkubwa alimletea kiti cha magurudumu, na ndani ya nyumba hakina taabu. Taabu inaanzia mlangoni. Kutoka hapo hadi barabara ya lami ni hatua mia moja na kumi za mchanga mtupu, na ng'ambo ya lami ndipo alipo kinyozi, ambako wenzake hukutana kucheza drafti.

Siku ya kwanza kiti kilizama hatua ya nne. Majirani wawili walimrudisha ndani, mmoja kashika mabega, mwingine miguu.

"Kama kabati," anasema mume. Akaapa kwamba hatabebwa tena. Tangu hapo hakuvuka kizingiti. Nywele alikatwa na mkewe, na kwa kazi hiyo hana shukrani. "Anajua matairi. Kichwa changu hakina rimu."

Siku ile ya kuzama alimwambia mkewe maneno mawili: "Si nilikwambia." Yaani magurudumu na mchanga havipatani.

Mkewe aliyameza. Ndiye huyo huyo ambaye kila mwaka huwafundisha madereva wapya kwamba kabla ya kuingia mchangani wapunguze upepo: tairi linalegea, linatandaa chini, uzito unagawanyika. "Nawaambia bata hana nguvu kumshinda kuku," anasema. "Ana mguu mpana. Mnyororo nao siri yake ni hiyo hiyo."

Hata hivyo, ilimchukua miezi saba kuukumbuka mfano wake mwenyewe.

"Nilikitazama kile kiti kama kitu cha hospitali," anasema, akiifuta geji kwa kitambaa. "Sikukitazama kama gari."

Alipokitazama kama gari, alitafuta matairi mapana ya baiskeli kwa nyuma na magurudumu ya toroli kwa mbele, akampelekea fundi wa kuchomelea apanue vyuma. Jumapili iliyopita, saa tatu asubuhi, walitoka matairi yakiwa na upepo wa pauni ishirini.

Hatua ya thelathini, magurudumu yakaanza kuchimba. Mama Upepo akasimama, akingojea yale maneno mawili.

Mumewe aliinama kadiri mwili ulivyomruhusu, akautazama mchanga kama alivyokuwa akiutazama mnyororo ulioingia kazini umelegea.

"Bado limejaa," akasema. "Punguza, bibie."

Mkewe akapiga magoti, akabonyeza valvu. Upepo ukatoka taratibu.

"Basi. Hapo hapo."

Walifika hatua ya sitini na mbili kabla pumzi za mkewe hazijaisha, wakageuza. Hakuna aliyembeba mtu.

Jumamosi hii wanataka kuzimaliza hatua zote mia moja na kumi. Pampu imefungwa nyuma ya kiti, kwa ajili ya kujaza tena wakifika lami. Kinyozi ameambiwa asogeze kiti chake pembeni, maana mteja anakuja na chake.

Ubishi haujaisha. Mume anadai kuwa tairi lililolegea namna ile si tairi tena, ni mnyororo, na kwa hiyo yeye ndiye aliyeshinda.

Mama Upepo anachukua nyundo yake na kurudi kwenye tairi la sita.

"Mwache ashinde," anasema. "Mradi afike kwa kinyozi."